Swali la Nne la Alute

Mwanafunzi wangu aliyeongoza darasa zima ndiye niliyemkuta ameshika kisu...

Mikono mitupu. Damu hadi viwikoni.

Jamani, naitwa Lea. Nilihitimu mwaka juzi, nafundisha Singida mjini somo la tabianchi na afya. Darasani kwangu wanakaa pamoja madaktari wa watu na wa mifugo. Niliamini kabisa kwamba tutaokoa watu.

Jumamosi hiyo niliwapeleka wote kijijini Issuna, nyumbani kwa Alute, huyo aliyeongoza darasa, wakauone ukame. Yeye alitangulia jana yake jioni.

Nilishawafundisha. Mvua zikikata, ng'ombe anakula nyasi hadi kwenye udongo, na humo wamo vijidudu vya kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na watu. Akizidiwa ghafla, usimchinje. Mzike. Ndilo lilikuwa swali la nne la mtihani.

Ila kwetu ng'ombe akizidiwa anawahiwa kisu kabla hajafa, na kila nyumba inapata kipande. Ndivyo Alute alivyomfanya ng'ombe wa mama yake.

"Alute, swali la nne ulilijibu vizuri kuliko wote."

Hakuniangalia.

"Swali la nne halikuwa na mama yangu, mwalimu."

Nikampigia bwana mifugo. Nyama yote ikachomwa kwa mafuta ya taa, majirani wamesimama na masufuria yao.

Nikaenda kumwamkia mama yake. Akaitikia marahaba, halafu akauliza taratibu:

"Sasa mwanangu, umetuletea nini tule?"

Mahindi yake yalikaukia magotini.

Siku ya nne Alute akatokwa na kidonda cheusi mkononi. Hakikumuuma, akakificha. Aliogopa nitamfukuzisha chuo.

Felista, mwanafunzi mwenzake wa upande wa udaktari wa watu, alikitambua kwa kukitazama tu. Nilimfundisha mimi. Lakini sumu ilishatembea mwilini.

Tulimzika Jumapili.

Tukitoka makaburini Felista akanisogelea. Alikuwa analia.

"Mwalimu, ile Ijumaa mama yake alimpigia kwamba ng'ombe hasimami. Akaja ofisini kwako kuomba glavu."

Nikakumbuka.

Alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa nasahihisha karatasi yake, nampa alama zote za swali la nne. Nikamwambia bila kuinua kichwa kwamba glavu ni za mazoezi tu.

Akasema, "Sawa, mwalimu." Akaondoka.

Boksi lipo mezani kwangu hadi leo, limejaa. Kesho saa mbili nina kipindi, na sijui nitaanza na neno gani.

Ndugu zangu, mtu akikuomba kitu kidogo, muulize cha nini.

Mimi sikumuuliza.