Fomu Yenye Damu

Wakili aliigeuza karatasi upande wangu, akaweka kidole chini kabisa.

"Saini hii unaifahamu?"

Niliifahamu… Ilikuwa ya wifi yangu.

Jamani, mnivumilie. Naandika taratibu kwa sababu sitaki kusahau hata kimoja.

Wifi, dada wa mume wangu, alikuwa mkunga. Alikuwa zamu chumbani nilipomzaa binti yangu tunayemwita Kidoti. Alizaliwa na kilo nne na nusu, mkono wa kulia ukining'inia kama mkono wa shati lisilo na mtu ndani.

"Ameulalia," waliniambia wodini. "Utaamka."

Miezi mitano haukuamka.

Daktari wa mishipa ya fahamu alitwambia wazi: mishipa ilivutika begani wakati wa kuzaliwa, na kwa hali yake, akivuka umri wa miezi tisa, upasuaji hautamfaa sana. Hospitali alikozaliwa ikagoma kuugharamia. Rekodi yao ilisema: "Mabega yametoka bila shida. Mikono yote inacheza."

Chini yake, saini ile.

"Mama," wakili akasema, "kwa sasa ni neno lako dhidi ya karatasi. Nipatie mtu aliyekuwemo chumbani."

Aliyekuwemo niliyemjua ndiye huyohuyo aliyesaini.

Nilikwenda kwake moja kwa moja. Nikamkuta uani anafua sare zake za kazi.

"Karibu wifi. Mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

"Mikono yote inacheza?" nikamuuliza.

Akaacha kufua.

"Nani kakuonyesha?"

"Wakili."

"Yaani umenipeleka kwa wakili, mimi?"

"Nimempeleka mwanangu. Wewe nimekukuta huko."

Akacheka kidogo, kicheko kikavu. Akajifuta povu kwenye gauni.

"Wodini kwetu fomu ikichafuka damu haiingii kwenye faili. Inanakiliwa upya, safi. Siku ile mkuu wa zamu alinisomea, mimi nikaandika. Alipofika kwenye mikono, akanitazama… Nikaandika alichosema."

"Unamlinda nani? Nani alimvuta mwanangu?"

Akainama kuokota sabuni.

"Wifi, nakuuliza kwa heshima ya kaka yako."

"Mimi."

Sikuelewa.

"Aliyevuta ni mimi. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Tumefundishwa kumkunja mama miguu, kulisukuma bega, tusivute kwa nguvu. Najua yote hayo. Ila uso wa mtoto ulikuwa unabadilika rangi, nikaingiwa na hofu, nikavuta."

Ninyi mngefanya nini? Mimi nilibeba beseni lake nikalimwaga. Sare zote matopeni.

Hakunizuia.

"Kila jioni unakuja kwangu," nikasema. "Unamnyoosha mkono, unamwimbia. Ulikuwa unaigiza?"

"Wengi hupona wenyewe ndani ya miezi mitatu. Nilikuwa nahesabu siku, wifi. Ilipopita ya tisini, ulimi ukazidi kuwa mzito."

Nikageuka niondoke. Nilishaapa moyoni kwamba mlango wangu hataukanyaga tena.

"Subiri," akasema.

Aliingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani yake mlikuwa na fomu ile ya kwanza. Damu yangu imekaukia pembeni, na mwandiko wake wa haraka unasema: Kichwa, saa nne na dakika kumi. Mwili, saa nne na dakika kumi na sita. Bega limekwama. Mkono wa kulia haujongei.

"Niliambiwa niichome," akasema. "Nilishindwa."

Kesho yake alikaa mbele ya wakili.

"Unafahamu unaweza kufutiwa leseni?"

"Andika, mwanangu, kabla akili haijanirudia."

Fomu ile ilipowekwa mezani, hospitali haikusubiri hakimu; ikalipia upasuaji. Kidoti alipasuliwa akiwa na miezi minane na siku kumi na moja. Wifi alifukuzwa kazi. Mkuu wa zamu alihamishwa tu.

Mnadhani tulipatana? Hapana. Aliendelea kuja jioni kumnyoosha mtoto mkono. Nilimfungulia mlango, salamu sikuitikia. Miaka miwili. Nilijua iko siku nitaitikia, ila nilitaka niichague mwenyewe.

Mwezi uliopita aliamka, akalalamika kifua, akafa kabla ya adhuhuri.

Msibani shangazi mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Si huyu aliyemfukuzisha kazi? Analia nini?"

Ndiye mimi. Nalia.

Kidoti sasa anainua mkono hadi begani. Haupiti hapo, lakini kijiko anashika.

Wazazi wenzangu, mkono wa mtoto usiojongea haujalala. Mpelekeni kwa mtaalamu wiki hiyohiyo, ombeni nakala ya rekodi zenu, tafuteni msaada wa sheria mapema.

La pili nalisema kwa aibu. Mtu akikukosea, kisha akasema ukweli uliomponza mwenyewe, si lazima umpende. Lakini mwitikie salamu angali hai.