Ukaguzi wa Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Afande Ouma alikagua nyumba yake vile alivyokagua askari kule gerezani kazini kwake. Viatu? Vinang'aa. Jerikeni? Zimejaa maji. Halafu anafika kwa Orpah, binti yake, aliyesimama wima kando ya meza yenye madaftari manne: fizikia, kemia, biolojia na hesabu.

"Noti?"

"Ziko kamili, afande!"

Baba anafunua kurasa, anaona mistari ya rangi mbili na michoro safi, anatabasamu. "Daktari wangu huyo!"

Basi Orpah anapumua mpaka wiki ijayo.

Mambo yalianza baba alipohamishwa kazi kutoka Jinja. Waliondoka mtaa wa Mpumudde muhula ukiwa katikati, wakapanga vyumba mtaa wa Namakwekwe, hapa Mbale. Orpah akaingia kidato cha tano cha shule mpya, akakuta wenzake wamemtangulia mada chungu nzima. Angefanya nini? Akaazima madaftari, akaanza kunakili. Mapumziko ananakili. Jioni ananakili. Hata mwalimu akifundisha pale mbele, yeye kichwa chini, ananakili ya mwezi uliopita.

"Wewe ni mashine ya fotokopi," akamtania Nyongesa, jirani yake wa dawati. "Tena mashine ina nafuu, umeme ukikatika inapumzika."

"Nyamaza bwana, nipe daftari la kemia."

"Chukua. Lakini niambie, moli ni nini?"

Orpah akacheka tu, kama vile swali ni la watoto wadogo. Kisha akainama, akanakili upesi zaidi.

Alhamisi karatasi za jaribio la kemia zikarudi. Kumi na nne kwa mia! Mwalimu Docus akamwita pembeni.

"Orpah, Ijumaa ya wiki ijayo nakupa jaribio lingine. Usipofika hamsini, mwalimu mkuu anakutoa sayansi. Na bila sayansi, udaktari ndiyo basi."

Karatasi ile akaificha chini ya godoro.

Jumamosi ikafika. "Noti?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini baba, kwa raha zake, akaongeza, "Kazini nimewaambia wote, daktari anakuja." Hapo Orpah akashindwa. Akaenda chumbani, akachomoa karatasi, akampa.

Baba akatazama karatasi, akatazama daftari. "Lakini daftari limejaa!"

"Daftari limejaa, baba. Kichwani ndiko hakuna kitu. Nimekuwa nikikudanganya."

Orpah akangoja ngurumo. Haikuja. Baba alivuta kiti, akakaa, akavua kofia.

"Hapa swali la kwanza linauliza moli. Nieleze hiyo moli. Leo mimi ndiye kuruta."

"Ni kipimo cha wingi wa chembe, baba. Chembe ni ndogo mno, huwezi kuzihesabu. Kwa hiyo..." Akakwama.

"Kwa hiyo mnapima! Ajabu gani? Sisi maharagwe ya stoo hatuhesabu moja moja. Tunaweka kwenye mizani, tunajua yatatosha watu wangapi."

Orpah akaruka. "Baba! Ndiyo yenyewe! Ukijua uzito, unajua ziko ngapi!"

"Kumbe najua kemia!" Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Wiki nzima ikawa hivyo. Orpah anafunga daftari, anaeleza, na baba anauliza "Kwa nini?" kama kuruta msumbufu. Palipomshinda, Orpah aliweka alama ya penseli, kesho yake akamuuliza Mwalimu Docus bila kuona haya. Kunakili akaacha.

Ijumaa akafanya jaribio. Jumatatu Mwalimu Docus akaweka karatasi mezani: sitini na tatu.

"Unabaki kwangu," akasema.

Orpah akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni ampelekee baba.

"Jamani, fotokopi imeanza kufikiri!" akapiga kelele Nyongesa. "Tumekwisha!"

Nyumbani baba aliisoma karatasi mara tatu. "Mwanangu, buti iliyong'aa haitembei yenyewe. Kujaza daftari si kujua. Na anayeficha asichokijua, nani atamfundisha? Hata mimi nilikosea. Nilikagua rangi ya buti, nikasahau kukagua mguu."

Akavuta kiti chake cha kuruta.

"Haya, daktari. Sasa fizikia. Funga daftari."

"Ndiyo, afande!"