Toleo Jipya la Lukresia

Kompyuta ya shamba la kahawa, Oldeani, ilitangaza toleo jipya siku ambayo Landrova ya kuleta diski kutoka Arusha haikufika. Clemensi angeshtuka hapo hapo, lakini mwaka ule wa themanini na nane nani alikuwa na muda wa kuiogopa mashine?

Diski zilikuwa adimu kama sukari. Kwa hiyo Clemensi, karani wa kompyuta, alitunga programu ndogo ya kusoma majina ya mafaili. Ikikuta jina lilelile lenye namba kubwa zaidi, itangaze toleo jipya na kufuta la zamani. Alipoijaribu aliandika mafaili matupu kwa majina ya watu: MARTINI1, mlinzi wa shamba, na LUKRESIA1, mke wa Clemensi mwenyewe. Kisha hakuyaondoa. Uvivu tu, jamani.

Sasa kioo cha kompyuta kilisema: MARTINI2.

Martini akapita dirishani katikati ya ukungu. Hakuchechemea, ingawa nyati alimvunja mguu zamani. Alinuka waya ulioungua.

"Mguu umepona lini, mzee?" Clemensi alinong'ona.

"Mguu gani?"

Jenereta ikazimwa, ila diski iliendelea kusagasaga ndani ya sanduku lisilo na umeme, na Clemensi, jasho likimtoka kwenye baridi ile, akaona herufi zikijichora mojamoja, akabonyeza kila alichojua kubonyeza, akang'oa waya ukutani, na bado jina la mkewe likajikamilisha, namba mbili ikifuata.

Alikimbia nyumbani. Lukresia alikuwa anamenya viazi.

"Karibu, Clemensi."

Tangu binti yao azaliwe, Lukresia hakumwita ila Baba Blandina. Na jikoni kulinuka waya ulioungua.

Alimpeleka kijiji cha Kansay kwa Bibi Germana, mganga. Bibi akafukiza, akamshika mwanamke kichwa, akasikiliza sana, halafu akamvuta Clemensi nje.

"Mwanangu, mimi namtoa jini aliyemwingia mtu," alinong'ona. "Humu hamna mtu. Ni jini mtupu."

"Na mke wangu?"

Bibi akarudi ndani. Alimtoa nje yule mwenye sura ya Lukresia, akafunga mlango.

Njiani Clemensi alilia kama mtoto, wala hakuona aibu. Kile kiumbe kikamfuta machozi kwa khanga ya Lukresia, polepole, kwa upendo kabisa.

"Nirudishie mke wangu," alisihi. "Nakuomba."

"Yule wa zamani?" kilimuuliza, kikimshangaa. "Si wewe uliyeagiza afutwe?"