Namba ya Jana Ubaoni

Kitendawili, wanangu! Namfuga chumbani, simwoni. Nikimlisha, ananila mimi. Msikimbilie kujibu. Kaeni nacho huku nikiwasimulia habari za dada wawili waliokunywa chai ya chupa moja.

Mkubwa aliitwa Bi Hatua. Kazi yake ilikuwa kukagua njia ya kurukia ndege katika kiwanja kidogo cha udongo ulioshindiliwa. Kila asubuhi alikunywa kikombe kimoja, akashika fimbo yake ya chuma na kuanza kutembea. Achome hapa, achome pale. Chuma kikigoma, pagumu. Kikizama, hapo ndege isikanyage. Akimaliza, aliandika ubaoni kwa chaki: leo njia ngumu ni mita ngapi. Namba hiyo ndiyo aliyosomewa rubani redioni kabla hajatua. Ndege, jamani, si baiskeli. Ikikosa pa kukimbilia mpaka isimame, inaishia vichakani na watu wake.

Mdogo wake aliitwa Kitinda, na ni Bi Hatua aliyemlea. Alimbeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu kwa hatua za njia hiyo hiyo. Basi siku moja barua ikaja: Kitinda ndiye mkuu mpya wa kiwanja.

"Dada, mbona hunywi chai?"

"Imepoa."

"Nimeimimina sasa hivi, na moshi huo unauona."

"Basi imepoa kwangu mimi, bosi."

Hilo "bosi" lilitoka na pilipili. Tangu siku hiyo Bi Hatua akawa na kijiba cha roho. Akisikia watu wanamwamkia mdogo wake, anasonya. Akiona kile kiti kipya ofisini, ndiyo kabisa. "Kiti cha kuzunguka!" alinung'unika. "Na kukaa kwenyewe nani alimfundisha?"

Zikaja habari kwamba ndege ya abiria thelathini itatua kwa mara ya kwanza. Vile vindege vya watu watano vilitosheka na mita mia sita. Hii ilitaka elfu moja na mia moja, wala si pungufu. Ubao ulisema elfu moja na mia mbili. Kitinda akaalika wageni, viti vikapangwa.

Alfajiri ya siku yenyewe mvua ikanyesha. Bi Hatua alitembea na fimbo yake kama kawaida. Kule mwisho chuma kikazama kama kwenye uji. Alihesabu mara mbili: mita mia tatu zote tope. Zilizobaki ngumu, mia tisa.

Akasimama mbele ya ubao na kitambaa mkononi. Akilini aliyaona magurudumu yakinasa matopeni, na mdogo wake akijiumauma mbele ya wageni. Moyo ukacheka. Akafuta tarehe tu, akaandika ya leo. Namba akaiacha. "Sijaandika uongo," alijiambia. "Tarehe ni ya kweli." Mnamsikia lakini?

Ndege ilipokaribia, mzimamoto wa kiwanja aliingia ofisini akihema. "Mkuu, huko mwisho viatu vyangu vimezama. Tupime tena?"

Kitinda alikuwa na redio mkononi. "Kaka yangu, namba ya dada haipimwi mara mbili. Mimi nimejua kuhesabu kwa nyayo zake." Akabonyeza redio. "Rubani, njia ni mita elfu moja na..."

"Mia tisa!" Bi Hatua, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alipiga kelele. "Sema mia tisa, mdogo wangu! Ile ya jana nimeiacha makusudi."

Kitinda hakugeuka. "Rubani, nasahihisha. Mita mia tisa. Usitue."

Kivuli cha ndege kikapita juu ya viti vya wageni, kikaenda zake na watu thelathini. Mkubwa mmoja kati ya wageni akamfokea Kitinda hadharani, naye hakumtaja dada yake. Ni Bi Hatua mwenyewe aliyenyoosha mkono na kusema, "Ni mimi." Fimbo akanyang'anywa palepale.

Nyumbani, kesho yake, mezani kulikuwa na chupa mbili za chai.

Miezi ikapita. Mwisho wa njia ukamwagwa changarawe, ukashindiliwa. Asubuhi ambayo ndege ingekuja tena, Kitinda alisimama mlangoni na fimbo.

"Dada, twende."

"Nimekatazwa kupima."

"Nitapima mimi. Wewe utafuata nyuma, uniambie ninapokosea."

Walitembea njia nzima. Chuma kiligoma mpaka mwisho. Walipofika kwenye ubao, Kitinda alishika chaki, akampa dada yake kitambaa. "Futa ya jana."

Bi Hatua alifuta, akafuta, mpaka ubao ukawa mweusi tititi.

Chupa mezani bado ni mbili. Ila siku hizi humiminiana.

MAFUNZO

Mnyama wa kitendawili changu ni wivu. Msidhani mwenye wivu lazima ashike panga au aseme uongo. Kunyamaza kwake kunatosha kuua. Ukiona donge linakukaa kooni kwa sababu ndugu yako amepanda, mwambie mwenyewe, chai ikiwa bado moto. Na kazi inayobeba roho za watu usiitie ugomvi wa nyumbani. Wale thelathini angani walikukosea nini?