Jina Nyuma ya Picha ya Baa

Mtoto wa Peris alipoacha kulia, nyumba nzima ilishangilia, na hapo ndipo balaa ilipoingia.

Ilikuwa Matisi, pembeni mwa mji wa Kitale, mwaka wa hamsini na moja. Kitoto kile kilikuwa kimelia siku tatu mfululizo, na kila Mbukusu anajua maana yake: kuna marehemu anataka jina lake lirithiwe. Bibi huita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile linalomnyamazisha mtoto ndilo lake hadi kaburini. Basi Rispah, mama mkwe wa Peris, alikuwa ameita mababu, ameita mashangazi, ameita hata mjomba mmoja mlevi aliyekanyagwa na ng'ombe. Wapi! Mtoto alizidi kupasua watu masikio.

Mume wa Peris, Walubengo, alikuwa seremala mwenye mikono mizuri na mdomo usio na kufuli. Siku hiyo alikuwa ametoka mnadani, hoteli moja kuukuu ya wazungu ikiuza vyombo vyake, akarudi na viti viwili na picha ya zamani ya baa: kaunta ndefu, chupa kwenye rafu, stuli tupu, na mhudumu mmoja wa kanzu nyeupe amesimama nyuma ya kaunta. Mgongoni mwa fremu palikuwa na maandishi ya penseli. Walubengo akayasoma kwa sauti, akicheka.

"Sarumbi! Si tumjaribu na huyu, mama? Haya Sarumbi, nyamaza bana!"

Mtoto akanyamaza papo hapo, kwikwi ikiwa bado kooni.

Majirani wakapiga vigelegele. Rispah hakupiga. "Walubengo," akasema polepole, "umeita mtu wa nani?"

Siku ya kwanza Peris alilala usingizi mtamu, na nani angemlaumu? Siku ya tatu akaanza kuogopa. Mtoto hakulia kwa njaa. Siafu walimuuma hadi akavimba mguu, hakulia. Alilala macho wazi akitazama ukutani, picha ilipotundikwa. Nyumba ya walokole ile, ambayo hata pombe ya busaa haikuvuka kizingiti chake, ikaanza kunuka bia iliyomwagika na moshi wa sigara. Na siku ya nane, mchana kweupe, Peris akiwa anafua nje, akasikia glasi zinagongana ndani, taratibu, kama mtu anayezipanga, akaingia mbio na povu mikononi, mvua ikaanza kupiga mabati, akamkuta mtoto anaitabasamia ile picha, akainua macho aitazame naye, akaona kaunta, akaona chupa, akaona stuli, na nyuma ya kaunta hapakuwa na mtu yeyote.

"Yule mtu wa kanzu ako wapi?" alimnong'oneza mumewe jioni.

Walubengo akaitungua picha, akaigeuza. "Nilidhani ni macho yangu. Simuoni tangu siku ile tulimpa mtoto jina."

Chini ya lile jina palikuwa na maneno mengine: Wekoye, mpishi, Bokoli. Asubuhi Walubengo akasingizia kazi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Peris akambeba mtoto mgongoni, akaifunga picha kwa leso, akapanda basi la Bungoma, akashuka njia panda na kutembea hadi Bokoli akiuliza.

Wekoye alikuwa mzee sasa, anapukuchua mahindi mbele ya nyumba. Alipoiona picha aliifunika uso chini haraka.

"Huyo hakuwa mtu, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ni jini. Alikuja na kioo kikubwa mzungu wetu alileta kutoka Pwani. Wahudumu wawili walikufa pale baa. Mganga akatuambia, kitu bila jina hakishikiki. Tukampa jina ambalo hakuna ukoo iko nalo, tukamwita mbele ya kamera ya Mhindi. Akaitika, akashikwa hapo."

"Na kwa nini uliliandika, mzee?"

"Niliandika ati lisitajwe! Angaria hapa." Kidole chake kilionyesha weusi hafifu wa penseli, pale onyo lake lilipofutika. "Ujinga wangu, mama. Nisamehe."

"Nifanye nini?"

"Mtoto anapokea jina akilia. Alie tena, umpe la kwenu."

"Hajalia siku tisa!"

"Basi umlize. Kesho utakuwa umechelewa."

Peris alimfinya. Kimya. Alimfinya tena hadi akaacha alama, akajichukia, kimya. Ndipo akamlaza juu ya udongo baridi, akageuka, akaenda zake kati ya mistari ya mahindi, machozi yakimtiririka, moyo ukimwambia rudi na miguu ikikataa, hatua kumi, hatua ishirini, maziwa yakimvuja kifuani, hatua arobaini, akimwomba Mungu amsamehe. Mtoto akalia. Lo, alilia! Peris akarudi mbio akiita jina la marehemu baba yake yeye mwenyewe, ambalo upande wa mume hawakulikumbuka: "Wabwile! Wabwile wangu!"

Mtoto akatulia, akatafuta ziwa, akanyonya kwa pupa. Peris alicheka na kulia pamoja.

Wekoye hakucheka. "Yule sasa hana mahali. Picha haimshiki tena. Atamwendea aliyemwita. Ni wewe?"

"Ni baba yake."

Gunzi likamdondoka mzee mkononi. "Basi kimbia."

Jua lilikuwa linazama alipofika Matisi. Rispah alikuwa amekaa nje, kitambaa mdomoni. Ndani ya karakana Walubengo alisimama amewapa mgongo, wima, bila kugusa kazi.

"Yuko hivyo tangu saa sita," Rispah alinong'ona. "Mimi mamake nimemwita hadi nimechoka."

"Walubengo," Peris aliita. "Baba Wabwile! Mume wangu, nimerudi, mtoto amepona!"

Hakutikisika.

"Mwanangu," Rispah akamwambia Peris, "hebu tumwite lile jina lingine, tuone kama..."

Peris akamziba mdomo kwa kiganja. Mle karakanani Walubengo akageuza kichwa kidogo tu, akatega sikio, akangoja.