Kitufe cha Tatu

"Mimi kelele nikiisikia mara moja tu, imekwisha!" Masikio alijitapa kila alipofagia studio ya shangazi yake. Jina hilo alijipa mwenyewe. Wenzake shuleni walimwita Domo.

Siku hiyo Shangazi alitoka kununua nyaya, akamwacha na bibi, aliyekuwa kochini amefumba macho. Ndani ya kompyuta mlikuwa na sauti ya marehemu babu, iliyorekodiwa kwa simu, akisimulia alivyomposa bibi. Hakuacha rekodi nyingine, na katika hiyo moja, friji ilinguruma mwanzo mpaka mwisho. Kesho ndugu wote wangekuja kuisikiliza.

Masikio akafungua kisawazisha sauti. Kilikuwa na vitufe vitatu vya kuzungusha: cha kwanza huchagua sauti ya kugusa, nene au nyembamba, cha pili huiongeza au kuipunguza, cha tatu huamua upana wa eneo litakaloguswa. Hicho cha tatu hakukielewa, basi akakipeleka mpaka mwisho, akapunguza kwa cha pili, akahifadhi. Mngurumo ukatoweka. Na babu naye akaondoka nao. Ikabaki sauti kavu, kama ya mtu anayeongea ndani ya kopo.

Shangazi aliporudi aliisikiliza kwa mara ya kwanza, akakunja uso. "Nani kaigusa?"

"Imerekodiwa hivyo hivyo, Shangazi. Simu yenyewe ilikuwa mbovu."

Shangazi akashusha pumzi, akachukua simu. "Basi niwaambie ndugu wasije. Hakuna cha kusikiliza."

Masikio akatazama sakafu.

"Weka simu chini," bibi akasema, macho bado kayafumba. "Nilifumba macho, sikuziba masikio. Mume wangu alikuwa ananguruma na friji yake vizuri tu, mpaka mjukuu wangu alipomfukuza."

Machozi yakamtoka Masikio. "Ni mimi, Shangazi. Nisamehe."

Shangazi akafungua nakala ya awali aliyoitunza, ambayo alidhani nayo ni mbovu. Akabana kitufe cha tatu mpaka eneo likawa jembamba, akaongeza sauti kwa cha pili, akasogeza cha kwanza taratibu mpaka friji ikapiga kelele. "Umeiona ilipojificha? Sasa ipunguze hapo hapo tu."

Masikio akaipunguza. Babu akarudi, mzito na mpole. Bibi akatabasamu.

"Kosa la vitufe hurekebishwa, mwanangu," Shangazi akasema. "Lakini uongo wako ungetunyima sauti ya babu yako. Ukikosea, sema mapema."

"Hata mimi kile cha tatu nilitaka kukibana hivyo hivyo," Masikio akanong'ona.

"Domo," bibi akaita, macho kayafumba vilevile. "Nakusikia."