Moto Uliovuka Alama

Enyi wenzangu wa mitaa ya kiwandani, nisikilizeni. Jumapili ile nyumba ya Ottmar Dietz ilikuwa shwari. Mkewe, Walburga, alikuwa anamenya viazi huku mdogo wake, Gisbert, akinywa divai yake ya kuchanganya na maji. Ottmar pekee hakutulia. Aliketi, akasimama, akaenda dirishani kuutazama moshi wa kiwanda cha mbolea.

"Baba watoto, umekalia miiba?" Walburga akamtania.

"Zamu ile nyingine, ya akina Hasso, inatucheka," akajibu, akatoka kwenda kulisha sungura.

Desturi yetu mnaijua: sikukuu ya mavuno, zamu iliyotoa amonia nyingi kuliko wenzao hupewa pipa la divai mbele ya mji mzima. Ottmar, msimamizi wa zamu aliyofanyia kazi Gisbert, alikuwa na njaa ya sifa.

Gisbert akanong'ona. "Dada, shemeji anazidisha moto wa tanuri. Mwanzoni amonia ilimiminika, tukashangilia. Sasa inapungua."

"Moto ukizidi, si kazi inakwenda mbio?"

"Mbio ndiyo, lakini mbio za kwenda na kurudi. Zile gesi mbili zinazofanya amonia zikishaungana, moto uleule unazitenganisha. Ukipoza sana, nazo zinaungana kwa kujivuta. Ndiyo maana tukawekewa alama kwenye kipimo cha joto. Yeye akiona imepungua, anaongeza tena! Kabla ya kukabidhi zamu anarudisha penye alama, wenzetu wasijue. Mabomba yanachoka, dada."

"Mwambie mkuu wa kiwanda!"

"Nimchongee shemeji yangu? Nitaishi na nani?"

Mnaona, jamani? Aibu ikaanza kula na familia meza moja.

Kesho yake, mumewe akivaa koti la kazi, Walburga alimshika mkono. "Ottmar, nakusihi. Mdogo wangu anasimama chini ya mabomba hayo."

"Mambo ya kiwanda tuachie sisi wa kiwandani, mama," akacheka. "Wiki hii tu, halafu napunguza."

Walburga hakwenda kwa mkuu wa kiwanda, akihofia majirani watasema anamtawala mume. Lakini hakupata raha. King'ora cha zamu kikilia, mwiko ulimtoka mkononi. Alhamisi mchana madirisha yakatikisika, akakimbia na aproni yake hadi getini. Bomba lilikuwa limepasuka. Ottmar, aliyekuwa kwenye chumba cha vipimo, hakuumia. Gisbert alitolewa hai, macho yameunguzwa na amonia, na daktari akasema hataona tena.

Siku alipoweza kuzungumza, Gisbert aliuliza, "Shemeji, angalau tuliwapita?"

Ottmar alilia kabla ya kujibu. "Hapana. Akina Hasso hawakuvuka alama, na wametushinda."

FUNZO

Ndugu zangu, moto uliopita kiasi huvunja kilekile ulichokiunganisha, na tamaa ya sifa ni hivyohivyo. Nanyi mnaojua na kunyamaza ili kulinda jina la nyumba, kumbukeni kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Semeni mapema, hata kama mkosaji ni shemeji au mume. Mtu akikununia, iko siku mtapatana. Macho ya Gisbert hayarudi.